Pia Angani: Istilahi na Uhai wa Rubani

Katika taaluma nyingi istilahi mbovu humchelewesha mwanafunzi tu. Katika urubani yaweza kumwua. Ndege ndogo inapoanguka huku ikijizungusha, aghalabu husemwa kwamba "imezima". Kauli hiyo ni potofu. Injini yaweza kuwa inanguruma vyema. Kilichokoma ni hewa kuambatana na sehemu ya juu ya ubawa, kwa kuwa ubawa umeinuliwa mno dhidi ya upepo unaoupiga, yapata nyuzi 15 au zaidi kidogo. Ubawa mmoja ukipoteza nguvu kuliko mwenzake, ndege huinamia upande huo na kuanza kuzunguka. Mtoto wa Saboti aliyewahi kuchezesha pia, ncha chini na mwili ukizunguka, ataielewa papo hapo ndege "iliyopiga pia".

Lililo zito zaidi ni neno usukani. Dereva wa matatu ya Kitale na Bungoma huugeuza kwa mikono. Rubani anacho cha mikono kinachotawala mabawa, na kingine mkiani anachokiendesha kwa miguu. Ndege ikipiga pia, nguvu ya injini hupunguzwa kabisa, vibawa vya pembeni huachwa katikati, mguu ulio kinyume cha mzunguko hukanyaga hadi mwisho, kisha pua husukumwa chini ili hewa iyashike tena mabawa. Mzunguko ukikoma, miguu hulegezwa na ndege huinuliwa polepole. Luteni Wilfred Parke alijinasua kwa mguu huo karibu kabisa na ardhi, huko Larkhill, Uingereza, Agosti 25, 1912. Agizo "geuza usukani kinyume" basi ni mtego: silika ya dereva ni kutumia mikono, jambo liwezalo kuzidisha mzunguko. Mabaharia wa pwani waliuita usukani wa chombo shikio. Neno hilo lafaa kufufuliwa kwa ule wa miguu.

Watakaopinga watasema kwamba marubani husomea kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini habari za ajali husomwa kwa Kiswahili, na "injini ilizima" humtwika fundi lawama isiyo yake.

Uwanja wa Kitale uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, penye hewa nyembamba. Pia ya kuogopwa mno ni ile ya kona ya mwisho kabla ya kutua, kwani kimo hakitoshi na hata mguu sahihi hauokoi. Hapo inahitajika istilahi ya ule mtetemo wa ubawa unaotangulia, nayo bado yamsubiri mtunzi.