MAARIFA YA OFISINI: Faili Lisiloonekana Huenda Halikupotea

Juma hili tuitazame kompyuta ya AS/400, ambayo kampuni ya IBM ya Marekani iliitangaza mwaka 1988, na ambayo mrithi wake, IBM i, angali akitumika katika mabenki na viwanda.

Ndani yake kila faili na kila programu huwekwa katika maktaba yake. Karani atajapo jina tupu, kompyuta haipekui maktaba zote. Hufuata orodha ya maktaba iliyowekewa kazi yake, kutoka juu kwenda chini, na huchukua faili la kwanza lenye jina hilo. Hapo ndipo penye hatari. Faili liitwalo MISHAHARA laweza kuwamo katika maktaba ya majaribio na pia katika maktaba ya kazi. Ile ya majaribio ikitangulia, karani atasahihisha hesabu za majaribio, na mshahara wa askari utabaki na kosa lile lile.

Basi, tumia amri WRKOBJ, taja jina la faili, na mahali pa maktaba uandike *ALL. Utaonyeshwa kila chenye jina hilo pamoja na maktaba yake. Usichoruhusiwa kukiona hakitatokea. Hapo mwulize mwenye dhamana ya mtambo. Kisha fungua maelezo ya kila kimoja, uangalie mmiliki wake na tarehe kilipotumika mara ya mwisho.

Usiunde faili jipya kabla hujajua la zamani liko wapi.