Unyanyasaji katika jumuiya za programu huria

Unyanyasaji katika jumuiya za programu huria ni tabia ya baadhi ya watumiaji au wachangiaji kuwatukana, kuwatisha au kuwashinikiza watu wanaotengeneza na kutunza programu za kompyuta ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote. Watunzaji wengi wa programu hizo hujitolea bila mshahara. Kwa sababu hiyo tabia hii huwaumiza watu binafsi na pia huweza kuhatarisha usalama wa programu zinazotegemewa duniani kote.

Ukubwa wa tatizo

Mwaka 2017 kampuni ya GitHub ilifanya utafiti kati ya watumiaji na wachangiaji wa programu huria. Asilimia 18 ya waliojibu walisema wamewahi kutendewa vibaya wao wenyewe, na asilimia 50 walisema wameshuhudia wengine wakitendewa hivyo. Kati ya waliotendewa au kushuhudia, asilimia 21 waliacha kuchangia mradi fulani.

Kanuni za maadili

Mwaka 2014 Coraline Ada Ehmke wa Marekani aliandika kanuni za maadili ziitwazo Contributor Covenant, ambazo baadaye zilifuatwa na miradi mingi. Mnamo Septemba 2018 zilikuwa msingi wa kanuni mpya za kerneli ya Linux. Wakati huohuo mwanzilishi wake, Linus Torvalds, aliyejulikana kwa barua pepe zenye maneno makali, aliomba radhi na kupumzika kwa muda. Tukio hilo lilionyesha kwamba unyanyasaji hautoki kwa wageni tu. Viongozi wa mradi nao huweza kuwa chanzo chake.

Kisa cha XZ Utils

XZ Utils ni programu ya kubana mafaili inayopatikana katika mifumo mingi ya Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa hasa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Ufini. Mwaka 2022 akaunti kadhaa zilianza kumlaumu kwa kuchelewa na kumtaka akabidhi kazi kwa mwingine, na hazikuacha hata baada ya yeye kueleza kwamba afya yake ya akili haikuwa nzuri na kwamba mradi ulikuwa kazi ya kujitolea. Hatimaye mchangiaji aliyejiita Jia Tan alipewa mamlaka ya utunzaji.

Mwaka 2024 matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitolewa yakiwa na mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Tarehe 29 Machi 2024 mhandisi Andres Freund alitangaza kwamba ameugundua, baada ya kuona kuwa kuingia kwenye kompyuta kwa njia ya SSH kulichelewa kwa takriban nusu sekunde. Wachunguzi wengi wanaamini kwamba akaunti zile za lawama zilikuwa za uongo na sehemu ya mpango huohuo. Hapo maneno makali yalitumika kama silaha: mtunzaji aliyechoka alisukumwa hadi akafungua mlango.

Hatua zinazochukuliwa

Miradi hutumia hatua zinazopanda ngazi kwa ngazi: onyo la faragha, onyo la hadharani, kusimamishwa kwa muda, kisha kufukuzwa. GitHub huruhusu pia kumzuia mtumiaji, kufunga mjadala na kuwawekea wageni mipaka kwa muda. Hatua hizi hufanya kazi vizuri zaidi pale msimamizi asipokuwa ndiye aliyetukanwa; mradi wa mtunzaji mmoja hauna mtu wa namna hiyo.

Mjadala

Wapinzani wa kanuni za maadili wanahofia kwamba zitazuia ukosoaji wa kweli. Wanaozitetea hutofautisha kukosoa msimbo na kumshambulia aliyeuandika. Leseni kuu za programu huria, kama vile MIT na GPL, hueleza kwamba programu hutolewa bila dhamana. Kwa hiyo mtumiaji anaweza kuomba marekebisho, kuyafanya mwenyewe au kuanzisha tawi lake la mradi, lakini leseni haimpi haki ya kumdai mtunzaji muda wake.