Nyumba ya Simba Wawili

Msafiri atokaye Kyuso kwenda Nairobi hupita Mwingi na Matuu, na kabla hajafika Thika huuona mlima Kilimambogo upande wake wa kushoto. Ni wachache wajuao kwamba mlima huo una uhusiano na nyumba moja ya fahari katika mji aendao. Juu ya mlima ule amezikwa Sir Northrup McMillan, aliyezaliwa Marekani mwaka wa 1872, akawa mlowezi mkubwa katika Kenya, akafa mwaka wa 1925. Mkewe, Bibi Lucie McMillan, ndiye aliyejenga nyumba hiyo iwe ukumbusho wake. Nayo ni Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931.

Afikapo mjini, msafiri na aulize njia ya Msikiti wa Jamia, kwa kuwa maktaba iko karibu nao. Hapo ataona ngazi, simba wawili wa mawe wakilinda mlango, na safu ya nguzo ndefu za matale, magumu kama majabali ya kwao. Mtindo huo ni wa mahekalu ya Wayunani na Warumi wa kale. Wazungu waliupenda kila walipotaka jengo la watu wote lionekane la heshima na la kudumu.

Lakini "watu wote" wa siku zile hawakuwa watu wote. Mpaka mwaka wa 1958 nyumba hii ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mtoto aliyezaliwa Kyuso mwaka ilipofunguliwa alikwisha timiza miaka 27 kabla hajaruhusiwa kuingia humo na kuomba kitabu.

Tena yafaa kukumbuka jambo la mwaka wa 1938. Mwaka huo Wakamba wengi wa Machakos, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kumlalamikia Gavana, kwa sababu ng'ombe wao walikuwa wakichukuliwa na kuuzwa ili idadi yao ipunguzwe. Walikaa mjini majuma kadhaa, na baadaye Muindi akapelekwa kifungoni Lamu. Mambo yao yaliandikwa magazetini, na magazeti ya zamani ni mojawapo ya hazina za nyumba hii. Basi mwenye habari alizuiliwa mlangoni asisome habari zake mwenyewe.

Mwaka wa 1962 maktaba ilitiwa mikononi mwa Baraza la Mji wa Nairobi, ikawa mali ya wananchi kama nyumba nyingine za mji. Miaka ilipopita ilichakaa. Tangu mwaka wa 2018 chama kiitwacho Book Bunk kimeshirikiana na Kaunti ya Nairobi kuitengeneza, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara.

Kwa hiyo mzazi wa Kyuso aendaye Nairobi kwa shughuli zake na aulize kwanza kama mlango u wazi, kwani matengenezo huweza kuufunga. Ukiwa wazi, na amchukue mtoto wake. Wasitosheke na kupiga picha kando ya simba, kwani hao ni mawe tu. Na waingie ndani, waombe gazeti la mwaka aliozaliwa babu, waketi, wasome. Ngazi zile zilipandwa kwa taabu. Itakuwa hasara kubwa zikiachwa bila wa kuzipanda sasa, hali hakuna azuiaye.