Sahihi Juu ya Picha

Wako watu wanaokusanya picha za wavumbuzi na wahandisi mashuhuri zilizotiwa sahihi, na picha ya Thomas Edison wa Marekani hugombewa mnadani kama kito. Wanunuzi hao hununua nini hasa? Wino! Edison alizoea kuvuta mstari juu ya jina lake mfano wa mwavuli. Mstari huo ni mzuri, sikatai, lakini haufundishi hata chembe jinsi taa ya umeme inavyowaka. Akili yake imo katika hataza ya taa aliyopewa na serikali mwaka 1880, hati yenye mchoro na maelezo, ambayo mtu yeyote aweza kuisoma bila malipo.

Tena mtindo huu hupima watu kwa umaarufu, si kwa kazi. Lewis Latimer, mwana wa wazazi waliotoroka utumwani Virginia, alipata mwaka 1882 hataza ya kutengeneza nyuzi za kaboni za taa hizo hizo. Baadaye akaitumikia kampuni ya Edison, na mwaka 1890 akatoa kitabu juu ya taa za umeme. Wakusanyaji wangapi huitafuta picha yake? Mwanafunzi asiye na fedha za mnada asiwaonee kijicho. Hataza ya Latimer ina namba 252,386. Na aisome leo, akiwa na kalamu mkononi.