Nani Kasema Kinyago Lazima Kifanane na Mtu?

Jiwe la Bismarck limekaa juu ya mwamba ziwani, pembeni mwa Mwanza, utadhani litaanguka leo, na hakuna anayelilaumu kwa kutofanana na kitu. Watu wanalipenda na kupiga nalo picha. Haohao wakionyeshwa kinyago chenye masikio kama ungo na tumbo lililofura, husema fundi hajui kuchonga. Wengine huongeza kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Kauli hii ya pili inaumiza zaidi, kwa sababu inamnyang'anya fundi wa hapa kilicho chake.

George Lilanga alijua kuchonga. Mmakonde huyu, aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, alianzia kwenye mizizi ya muhogo, akahamia miti laini, kisha mpingo, mti usiomsamehe anayekosea patasi. Miaka ya 1970 aliajiriwa kuwa mlinzi wa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, kabla ya kuwa msanii wa hapohapo. Mashetani wa Kimakonde aliokuwa akiwachonga akawatia pia kwenye ngozi za mbuzi na turubai: vidole viwili au vitatu, midomo inayoning'inia, rangi zinazowaka, miili imebanana bila kugongana. Asiyejua kuchora hawezi kupanga umati wa namna ile. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Kisukari kilimpokonya miguu, naye akaendelea kufanya kazi hadi karibu na kifo chake mwaka 2005.

Uzungu uko wapi hapo? Picasso ndiye aliyekwenda kutazama vinyago vya Afrika katika makumbusho ya Trocadéro, Paris, mwaka 1907, navyo vikamtikisa.

Usukumani ushahidi uko karibu zaidi. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi hasimu ya ngoma ya Wasukuma, kundi linalovuta watazamaji wengi zaidi ndilo linaloshinda. Wachezaji walitoka na sanamu za mbao, nyingine zikichezeshwa viungo, ili kuuteka umati. Sanamu iliyofanana na jirani yako ingemvuta nani? Kutia chumvi ndiko kulikuwa kazi yake.

Kwa hiyo mwalimu wa Ilemela au Nyamagana asimkate alama mtoto aliyechora mtu mwenye kichwa kikubwa kuliko kiwiliwili. Ampeleke kwanza kwenye makumbusho ya Wasukuma, Bujora, kisha amwonyeshe kazi za Lilanga.