CHAMA CHA WAVUVI KILIVYOUTETEA MTO

Huko Uingereza, kuvua kwa ndoana ni burudani ya watu wengi baada ya kazi. Ajabu yake ni kwamba wavuao samaki wa mtoni wasiokuwa samoni wala trauti hawamtafuti kwa kitoweo. Samaki huteguliwa ndoana kwa uangalifu, kisha hurudishwa majini akiwa hai.

Kwa kuwa haki ya kuvua mtoni huwa na mwenyewe, wavuvi huungana katika vyama. Chama hununua au hukodi haki hiyo katika sehemu ya mto, hutoza ada, hupalilia kingo, na huweka walinzi wa kukagua kadi. Kadi ya chama haimwondolei mtu wajibu wa sheria: aliyetimiza miaka 13 sharti awe na leseni, na tangu 15 Machi hata 15 Juni samaki hao hawavuliwi mitoni, ili wapate kuzaliana.

Lakini kanuni zafaa nini, ikiwa maji yenyewe yana sumu? Swali hilo liliupata mji wa Derby. Chama cha Pride of Derby kilikuwa na haki ya kuvua katika mito Derwent na Trent. Kiwanda cha British Celanese kilimwaga taka zake mtoni. Manispaa ilimwaga maji machafu yasiyosafishwa vya kutosha. Na kituo cha umeme kilitoa maji ya moto. Samaki wakafa.

Mwaka 1948 wakili John Eastwood alikuwa ameanzisha umoja wa wavuvi wa kuitetea mito mahakamani. Kwa msaada wa umoja huo, chama kiliwashtaki wote watatu, pamoja na Earl wa Harrington, mwenye ardhi kando ya mto. Mwaka 1952 mahakama iliamuru uchafuzi ukomeshwe. Rufani ikakatwa, manispaa ikadai kwamba fidia ya fedha ingetosha. Mahakama ya Rufani ilikataa: atoaye fedha hanunui ruhusa ya kuendelea kudhuru. Manispaa ikapewa muda wa kujirekebisha, lakini amri ikabaki.

Basi wavuvi wa kawaida, kwa ada zao ndogo ndogo, waliushinda mji na kiwanda pasipo fujo. Haba na haba hujaza kibaba. Na familia iishiyo kando ya mto ikumbuke kwamba mto usio na mlinzi ni jaa la kila mtu.