Wagiriki 192 waliandikwa majina. Wa kwetu je?

Wasee, kabla hujashuka kwa video ingine, nijibu kitu moja: neno marathon lilitoka wapi?

Wengi mtasema ni jina la mbio. Hapana. Ni jina la mahali. Marathon ni uwanda kando ya bahari huko Ugiriki, kama kilomita 40 kutoka Athens. Mwaka 490 kabla ya Kristo jeshi la Uajemi lilishuka hapo kwa meli likitaka kuuchukua mji wa Athens, na watu wa Athens pamoja na majirani wao wa mji mdogo wa Plataea wakatoka kuwazuia. Walishinda. Herodotus, ambaye ndiye alituandikia hiyo stori, anasema upande wa Athens walikufa watu 192.

Sasa kila tukipiga kelele mbele ya TV Kipchoge akikimbia, tunasherehekea hivyo vita. Kiptum, Mungu amlaze pema, alipopiga 2:00:35 pale Chicago mwaka 2023, alikuwa anakimbia umbali uliopewa jina la uwanja wa vita wa Wagiriki. Na mwaka 2010 Ugiriki ilipoadhimisha miaka 2,500 ya Marathon, walitoa hadi sarafu ya yuro 2, halafu wakaandaa mbio kubwa kutoka Marathon hadi Athens. Nani alishinda upande wa wanaume? Raymond Bett, Mkenya. (Wenye hesabu zao wanasema sherehe ilifaa kuwa 2011, kwa sababu hakuna mwaka sifuri. Wacha tuwaachie hiyo.)

Kitu kinachonifurahisha ni kwamba hata ile stori ya mjumbe aliyekimbia Athens, akasema tumeshinda, akaanguka akafa, Herodotus hana. Yeye anaongea tu juu ya mjumbe aliyetumwa Sparta kuomba msaada kabla ya vita. Ile ya kuanguka na kufa iliandikwa na watu waliokuja zaidi ya miaka 500 baadaye. Mbio zenyewe zilianza 1896 kwa Olimpiki ya Athens, na hizo kilomita 42.195 zilipimwa London mwaka 1908. Yaani stori ina viraka, lakini kumbukumbu imeshika. Imeshika kwa sababu ya vitu viwili, na hapo ndipo nataka tuongee vizuri.

Cha kwanza ni majina. Wale 192 walizikwa palepale walipoangukia, udongo ukarundikwa juu yao mpaka ukawa kilima kidogo, na kilima hicho kiko hadi leo. Pausanias, msafiri wa zamani aliyepita hapo zaidi ya miaka 600 baadaye, alikuta nguzo za mawe zimeandikwa jina la kila mmoja, wakipangwa kabila kwa kabila. Cha pili ni miguu. Watu wanakimbia. Sanamu unaipita ukienda zako, lakini barabara ukishaikimbia huisahau, magoti yatakukumbusha kesho yake.

Sasa turudi hapa kwetu. Vita vikubwa vya dunia vilipita kwenye ardhi ya hizi kaunti zetu, na nikiwauliza watu wa rika langu hapa Migori, wananiangalia kama nimetunga.

Septemba 1914, vita vikiwa na mwezi mmoja tu, Wajerumani walivuka mpaka kutoka upande ambao leo ni Tanzania. Wakaishika Karungu, ndiyo, Karungu hiihii ya Nyatike mnayopitia mkienda kununua samaki Sori. Kutoka hapo wakapanda hadi Kisii. Tarehe 12 Septemba wakapigana na jeshi la Mwingereza, King's African Rifles, kwenye vilima vya Kisii. Wazungu walikuwa wachache. Askari wengi wa pande zote mbili walikuwa Waafrika, wakipigana juu ya mpaka ambao hakuna mtu wa huku aliulizwa kabla uchorwe.

Na hiyo ilikuwa mwanzo tu. Jeshi halina barabara, halina lori, ng'ombe na punda wanakufa kwa mbung'o, kwa hivyo mzigo unabebwa na nani? Mtu. Machifu wakaambiwa watoe vijana, na mwaka 1917 msako ukawa mkali zaidi. Nyanza ilitoa watu wengi sana. Walibeba unga, risasi, hadi vipande vya mizinga, wakitembea mamia ya kilomita ndani ya Tanganyika. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Ni malaria, kuhara na njaa. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalifanya Kariokor, na ndio hiyo Kariokor ya Nairobi unayoenda kula nyama choma, na ndio Kariakoo ya Dar. Tumebaki na jina la kikosi kwa soko. Majina ya wenyewe hatuna.

Ukiwa Nairobi, pita Kenyatta Avenue uangalie zile sanamu tatu za shaba za askari na mbebaji. Maandishi yake yanawaita wabebaji miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Tafuta sasa jina la mtu hata mmoja pale. Hakuna. Na mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe, ikakubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wagiriki 192 waliandikwa majina yao kwenye mawe. Sisi, miaka mia na kitu tu, tuko na tarakimu ambayo hata haijulikani inaishia wapi.

Mtu ataniambia, wewe, hiyo ilikuwa vita ya wazungu, tukumbuke nini? Nakubali nusu. Watu wa Athens walikuwa wanalinda kwao, babu zetu walikuwa wanabebeshwa mizigo ya mtu mwingine. Kwa hivyo sitaki tusherehekee ushindi. Sina haja na bendera wala gwaride. Lakini kijana aliyetolewa kwa boma lake Suna au Kanyamkago akafia mahali hakuna mtu wa kwao amewahi kufika, huyo si mzungu. Huyo ni ndugu ya babu ya mtu anayesoma hii posti.

Na tafadhali msiniambie kukimbia kwa ajili ya wafu ni mambo ya Ulaya. Waluo tulikuwa na tero buru. Mwanaume mkubwa akifa, vijana wanachukua mikuki, ngao na ng'ombe, wanakimbia hadi nje ya boma wakipigana na kifo, kisha wanarudi wakiimba. Vita ya kuigiza, lakini jasho ni la kweli. Na haijaisha. Msee wa bodaboda akifariki hapa mjini, umewahi kuona wenzake? Pikipiki zimejaa lami, matawi ya miti mbele, honi mpaka masikio yanauma, wanamsindikiza mwenzao kwao. Hiyo ni tero buru yenye petroli. Wale wanaowaita wahuni wanakosea.

Tena huku kwetu mtu akipotea mbali na mwili usipatikane, wazee walijua la kufanya: wanazika tunda la yago badala yake, ili awe na kaburi nyumbani. Najiuliza ni yago ngapi zilizikwa Nyanza baada ya 1918. Na mtoto aliyezaliwa baadaye akapewa jina lake. Inawezekana kabisa wewe unatembea na jina la mbebaji wa Kariokor na hujui.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Tarehe 12 Septemba, tukimbie. Tuanzie Karungu. Najua watu wa kaunti watataka Thimlich Ohinga sababu iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2018 na picha zitatoka safi. Ile mawe naipenda, lakini ina stori yake, tuipe siku yake. Karungu ndipo jeshi lilipita. Na usiogope hizo 42. Kimbia tano, tembea mbili, beba maji ya wenzako. Boda mbele na nyuma, si ndio wenye kazi. Kitu moja tu sitaki ni fulana zenye sura ya mheshimiwa. Mgongoni kwa kila fulana kuwe na jina la mtu aliyepelekwa Kariokor, ukoo wake na boma alilotoka. Tukifika, yasomwe yote kwa sauti, taratibu, hata kama jua linachoma.

Wale wa kanisa, nawajua, mtaanza kusema ni mila. Hakuna atakayechinja kitu. Ni kukimbia na kusoma majina, na hata Biblia imejaa orodha za majina.

Shida yenyewe si pesa, ni muda. Waliorudi kutoka Kariokor wameisha zamani. Waliosikia stori kwa mdomo wao sasa ni wazee wa miaka 85, 90, na kila Jumamosi tunazika mmoja. Daftari la machifu wa wakati ule halitakuletea jina la ndugu ya babu yako. Nyanya yako anaweza.

Kwa hivyo wikendi hii ukienda ocha, weka simu kwa meza, bonyeza kurekodi, na umuulize: Dani, kwa huu ukoo nani alienda Kariokor? Nani hakurudi? Mimi nilipewa jina la nani? Umwache aongee, usimkatize hata akianza na habari za ng'ombe. Halafu niandikie hapa chini jina, ukoo na boma. Nimefungua orodha jana usiku. Iko na majina manne.